UZI: Hedhi imekoma lakini homoni ya njaa bado inaongea na ubongo, tuelezane

BiSayansi

Wakuu habari zenu, na kina mama mlionizidi umri shikamooni. Uzi ni mrefu naomba mnivumilie, nimeuweka moyoni muda sasa.

Mi nina miaka 56, hedhi ilikoma nikiwa na 52, na nimefundisha baiolojia karibu maisha yangu yote ya kazi. Mwaka jana nlienda kumuona daktari, nikamwambia usiku njaa inaniamsha, mafukuto hayaishi, uzito unapanda na chakula ni kilekile, nikamuuliza kama hii njaa ina uhusiano wowote na homoni za uzazi. Akanijibu huku anaandika, "mama, homoni zako zimeshaisha, hamna cha kupima hapo." Nikatoka. Ila iliniuma, kwanza namna alivyosema, pili kwa sababu sio kweli, na nawaza ni kina mama wangapi wameambiwa hivyohivyo wakaenda nyumbani wakanyamaza.

Kilichoisha ni mayai, homoni hazijaisha. Tuanzie hapo.

Ubongoni kuna sehemu inaitwa haipothalamasi, inatoa homoni ndogo sana inaitwa GnRH, asidi amino (vile vipande vinavyojenga protini) 10 tu basi (muundo wake ulijulikana 1971, na Andrew Schally na Roger Guillemin wakapata Nobel 1977 kwa kazi hizo za homoni za ubongo). GnRH inashuka kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, pituitari inatoa homoni mbili, LH na FSH, hizo zinaenda kwenye ovari, ovari zinajibu kwa kutoa estrojeni na inhibini, ambazo zinarudi juu kuuambia ubongo "tosha, punguza". Sasa mayai yakiisha ovari hazijibu tena vile, hamna wa kusema tosha, ubongo unaendelea kuita na kuita na sauti inapanda. FSH inapanda mara 10 mpaka 15 ukilinganisha na ilivyokuwa ujanani, LH kama mara 3. Yaani mwanamke mwenye FSH nyingi kuliko wote kwenye familia ni yule aliyekoma hedhi, sio binti yake.

Na hili lina ushahidi ambao mi huwa naupenda sana. Moja ya dawa za mwanzo za kusaidia wanawake wasiopata ujauzito ilichujwa kwenye mkojo wa wanawake waliokoma hedhi, huko Italia, wakiwemo watawa wazee, maana mkojo wao ulikuwa umejaa FSH na LH. Mtoto wa kwanza wa dawa hiyo alizaliwa 1962. Halafu mtu anakwambia zimeisha.

Sasa njaa inaingiaje? Mwaka 1999 Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, Wajapani, waligundua kwenye mfuko wa chakula wa panya homoni wakaiita ghrelini. Ina asidi amino 28 na ina kitu cha ajabu kidogo, imebandikwa kipande cha asidi ya mafuta kwenye asidi amino ya 3, bila hicho kipande haiwezi kukishika kipokezi chake (sehemu ya seli inayoipokea). Inapanda ukikaribia muda wa kula, ukila inashuka. Ndo homoni inayojulikana vizuri zaidi ya kuleta njaa. Na kipokezi chake kiko wapi? Kiko kwenye haipothalamasi na pituitari, mtaa uleule wa GnRH.

Mwaka 2001 Wajapani wengine walichukua panya jike waliotolewa ovari, wakawawekea ghrelini kwenye ubongo, LH ikashuka muda mfupi tu baadaye. Mwaka 2004 ikafanyika kwa nyani aina ya resasi, majike, nao wametolewa ovari, wakapewa ghrelini kwa dripu masaa matano, mikupuo ya LH (maana haitoki mfululizo) ikapungua. Zingatieni hapo, WAMETOLEWA OVARI. Mnyama asiye na ovari kwa upande wa homoni anafanana sana na mimi. Hana estrojeni ya kumchanganyia hesabu, kwa hiyo LH ikishuka unajua kabisa amri imetoka juu, kwenye ubongo, na aliyeuambia ubongo ni tumbo.

Hilo ndo nalotaka tulijadili. Karibuni.

Mama_wa_Pacha

Asante sana dada kwa uzi. Mi sio mtu wa sayansi, naomba niulize swali la kijinga, kwanini tumbo lijali mambo ya uzazi? Na kwa mtu ambaye hazai tena inamsaidia nini?

BiSayansi

Mama wa Pacha hamna swali la kijinga hapo, umeuliza swali lenyewe.

Mimba ni gharama kubwa, mwili unamjenga mtoto miezi tisa halafu unamnyonyesha. Kwa hiyo ubongo kabla haujaruhusu mwanamke atunge mimba unapekua ghala kwanza, chakula kipo? akiba ipo? Unapekua kwa kusikiliza wajumbe, na wawili wakubwa ni hawa: ghrelini kutoka kwenye mfuko wa chakula inasema "leo hatujala", na leptini kutoka kwenye mafuta ya mwili inasema "akiba ipo". Ghrelini ikiwa juu siku nyingi na leptini ikiwa chini ubongo unafunga mlango, LH inapungua. Ndo maana msichana anayejinyima kula sana, au mwanariadha anayefanya mazoezi kupita kiasi bila kula vya kutosha, hedhi inakata.

Leptini iligunduliwa 1994 na kundi la Jeffrey Friedman kule New York. Panya wasio na leptini ni wanene mno na pia ni wagumba, mwaka 1996 wakapewa leptini wakazaa. Na kwa binadamu, mwaka 2004 wanawake ambao hedhi ilikata kwa mazoezi na uzito mdogo walichomwa leptini, LH ikaanza tena kutoka kwa mikupuo na baadhi yao wakapata hedhi.

Swali lako la pili, inamsaidia nini asiyezaa. Kwa maoni yangu ule mlango haukutengenezewa swichi ya kuzimwa ukifika umri wa kukoma hedhi. Mayai yanaisha lakini waya kutoka tumboni kwenda ubongoni zimebaki zilivyo, na zinapita sehemu ileile inayoendesha joto la mwili, usingizi, hamu ya kula. Ndo maana naona tunapaswa kujali.

Kijana_Maabara

Shikamoo mama BiSayansi. Nimeupenda huu uzi, nafanya kazi maabara na ningependa niongezee upande wa vipimo kwa sababu naona watu watakimbilia kupima.

Kwanza LH haitoki kama maji ya bomba, inatoka kwa mikupuo, kila saa au saa na nusu hivi. Ukitoa damu saa 3 kamili unaweza kukuta namba, ukarudia saa 3 na nusu ukakuta nyingine, na hujaumwa wala hujapona. Ndo maana kwenye utafiti wanamlaza mtu wanamtoa damu kila baada ya dakika 10 au 20 kwa masaa, halafu wanachora mchoro ndo waone mikupuo mingapi. Kipimo kimoja cha asubuhi hakiwezi kukuonyesha ghrelini imefanya nini kwa LH yako. FSH yenyewe imetulia zaidi.

Pili ghrelini ni homoni dhaifu, kile kipande cha mafuta alichosema mama kinabanduka haraka sana ndani ya chupa ya damu, lazima damu iwekwe dawa ya kuzuia vimeng'enya, itiwe asidi, ipozwe, itenganishwe haraka. Maabara nyingi za kawaida hazifanyi hivyo. Kwa hiyo mtu akikuuzia kipimo cha "homoni ya njaa" muulize kwanza damu inahifadhiwaje.

BiSayansi

Marahaba mwanangu, asante, hilo la kuhifadhi damu nilikuwa silijui vizuri namna hiyo.

Na ndo sababu majaribio ya binadamu hayajasema kitu kimoja. Wanaume waliochomwa ghrelini LH yao ilipungua, kwa wanawake kuna majaribio LH na FSH zilipungua na kuna mengine hazikutikisika. Kiasi cha dozi, wamechomwa usiku au mchana, estrojeni ilikuwa juu au chini, vyote vinabadili jibu. Mi nawaamini zaidi wale nyani kwa sababu ya kutokuwa na ovari, lakini naelewa mtu akiniambia nyani sio mama yangu.

Kuna jambo jingine kwa wale nyani limenikaa kichwani. Mwaka 2008 wakarudia, ila safari hii wakazuia kwanza vipokezi vya CRH, ile homoni inayowasha mambo yote ya msongo wa mawazo. Ghrelini ikaingia, LH haikupungua. Yaani njaa ilikuwa inapita kwenye barabara ya msongo. Mi nilivyosoma hapo nilikaa kimya kidogo, nikakumbuka ile miaka niliyokuwa naruka mlo wa asubuhi na wa mchana kwa kuwahi vipindi halafu nashangaa kwanini natetemeka na nina hasira na kila mtu.

Mkulima_wa_Fikra

Wakuu mi ni mwanaume ila mke wangu ana 54 na anahangaika na hayo mafukuto, usiku anatupa shuka anafungua dirisha. Hiyo homoni ya njaa inahusika na mafukuto? Maana nimegundua akiwa hajala jioni anazidiwa.

BiSayansi

Kaka hongera kwa kumuangalia mkeo kwa macho hayo, wengi hawaoni.

Kwanza niseme jinsi mafukuto yanavyotokea, maana hapa ndo patamu. Kwenye haipothalamasi kuna kundi la nyuroni (seli za ubongo) zinatoa vitu vitatu kwa pamoja, kisipeptini, nyurokinini B na dainofini. Hizo ndo zinaisukuma GnRH itoke kwa mikupuo. (Jeni ya kisipeptini iligunduliwa 1996 huko Hershey, Pennsylvania, mji wa chokoleti, na jina lake wakalitoa kwenye chokoleti ya hapo. Hawakujua kabisa inahusu uzazi, walikuwa wanatafuta mambo ya kansa. Uzazi ulijulikana 2003, walipokuta watu wasiobalehe kwa sababu kipokezi chake kina kasoro.)

Sasa estrojeni ndo ilikuwa inazituliza nyuroni hizo. Estrojeni ikiondoka zinavimba, kabisa zinakuwa kubwa, Naomi Rance kule Arizona aliziona kwenye ubongo wa wanawake waliofariki baada ya kukoma hedhi. Zikivimba zinapiga kelele kwa majirani, na jirani yao mmoja ni sehemu inayopima joto la mwili. Sehemu hiyo inadhani mwili umechemka kumbe hata kidogo, inafungua mishipa ya ngozi, jasho linatoka, moyo unaenda mbio, ndo hilo fukuto. Mkupuo wa LH na fukuto mara nyingi vinakuja pamoja maana vinasukumwa na mkono mmoja. Na sio hadithi, mwezi wa 5 mwaka 2023 Marekani waliidhinisha dawa inaitwa fezolinetanti, inazuia kipokezi cha nyurokinini B, mafukuto yanapungua bila kutumia estrojeni. Muulizeni daktari, ila ini lazima lipimwe kabla na wakati wa kuitumia.

Sasa swali lako. Nyuroni hizohizo ndo sehemu mojawapo ambapo habari za njaa na shibe zinafika, kwa sababu nyuroni za GnRH zenyewe hazina kipokezi cha leptini, zinategemea majirani waziambie. Kwa hiyo njaa na mafukuto wanakaa nyumba moja. Hapo ndo nasimama, siwezi kukwambia mkeo akila jioni mafukuto yataisha. Ila jaribuni, ale mapema vizuri, aandike kwenye daftari wiki mbili tatu saa alizokula na saa mafukuto yalipokuja. Daftari lake litamfaa kuliko maneno yangu.

Ua_la_Jioni

Dada mi ni mnene, kilo 94, nimekoma hedhi miaka sita. Kwa hesabu yako mi leptini yangu iko juu na ghrelini iko chini, si ndo? Basi mbona nina njaa kutwa???

BiSayansi

Ua la Jioni umenigusa, maana ndo swali langu mwenyewe la mwaka jana.

Ndio, kwa kawaida mtu mnene ghrelini yake iko chini na leptini iko juu. Tena wanawake tuna leptini nyingi kuliko wanaume wa uzito uleule. Shida ni kwamba leptini ikipiga hodi miaka na miaka ubongo unaizoea, unakuwa kama mtu anayeishi karibu na mashine ya kusaga, hasikii tena. Akiba ipo imejaa lakini taarifa haifiki. Na ukipunguza uzito kwa kujinyima, ghrelini inapanda, hilo lilipimwa vizuri 2002 kwa watu waliopungua kwa chakula, ikawa juu mchana kutwa. Kwa hiyo yule anayekwambia huna nia mwambie mwili wako unapigana na wewe kwa homoni, wala sio uvivu.

Usingizi nao. Mwaka 2004 Chicago walichukua vijana wenye afya wakawaruhusu kulala masaa manne tu kwa siku mbili, leptini ikashuka, ghrelini ikapanda, njaa ikapanda. Vijana! Sasa fikiria mama ambaye mafukuto yanamwamsha mara nne usiku miaka mitano mfululizo. Mi kwangu naona hapa ndo duara lenyewe lilipo, estrojeni inaondoka, mafukuto yanaingia, usingizi unavunjika, njaa inapanda, na huyohuyo mama anaambiwa anakula sana.

Na estrojeni yenyewe ilikuwa inaipunguza nguvu ghrelini. Panya jike akitolewa ovari ghrelini inamfanya ale zaidi kuliko alipokuwa nazo, akirudishiwa estrojeni anatulia.

Ila uzito niliseme kwa haki, mwingi unatokana na umri na misuli kupungua. Menopozi (huku kukoma hedhi) kazi yake kubwa ni kuyahamisha mafuta, yanatoka mapajani na makalioni yanakuja tumboni.

Kijana_Maabara

Mama hapo kwenye mafuta naomba uwaambie habari ya estroni, ni muhimu sana.

BiSayansi

Nakuja huko huko mwanangu.

Baada ya kukoma hedhi estrojeni kubwa ya ovari, estradioli, inaanguka. Lakini tezi za juu ya figo, na ovari pia kidogo, zinaendelea kutoa homoni za kundi la kiume, na tishu ya mafuta ina kimeng'enya kinaitwa aromatesi kinachozibadilisha kuwa estroni, estrojeni dhaifu kiasi. Mafuta yakiwa mengi kiwanda ni kikubwa. Ndo maana wanawake wanene waliokoma hedhi FSH yao huwa chini kidogo kuliko wembamba, ubongo unasikia ile estroni.

Na leptini inaingia tena hapa, kwenye seli za maabara imeonekana kuiongeza aromatesi. Yaani homoni ya shibe inasaidia kutengeneza estrojeni hukohuko kwenye mafuta bila kupitia ubongo wala ovari. Hiyo ni njia ya pili, tofauti na ya LH, na kwa afya ya mwanamke mi naona ndo nzito zaidi, kwa sababu estrojeni hiyo inachochea ukuta wa ndani wa mji wa mimba na matiti, na hakuna projesteroni, homoni nyingine ya ovari, ya kuutuliza ule ukuta. Unene baada ya kukoma hedhi unaongeza hatari ya kansa ya mji wa mimba na ya matiti.

Kwa hiyo nawaomba, nawaomba sana, mwanamke aliyekaa mwaka mzima bila hedhi halafu akaona damu, hata tone, hata mara moja, aende akapimwe. Asiseme "hedhi imerudi". Hedhi hairudi.

Mama_wa_Pacha

Dada umenishtua. Mi nilifunga kula kwa wiki kadhaa nipunguze uzito, nikaona damu kidogo, nikadhani kufunga kumeamsha homoni za ujana. Nimekoma miaka mitatu iliyopita.

BiSayansi

Mama wa Pacha mpenzi, hapana. Kama kufunga kumefanya chochote kwa LH basi kitakuwa ni kuishusha, na LH yenyewe ikipanda ikishuka haina mayai ya kuamsha. Hiyo damu ina sababu nyingine, mara nyingi ni jambo dogo tu kama ukuta kukonda na kukauka, lakini lazima aliyesomea aangalie. Wiki hii. Usisubiri ijirudie. Ukifika mwambie tarehe uliyokoma, tarehe ya damu, na dawa zote unazotumia.

Mama_wa_Pacha

Nimesikia dada. Nitaenda kesho kutwa.

Nuru_ya_Nyumbani

Naomba msaada wenu. Mama yangu ana miaka 71. Miezi minne hii amepungua sana, nguo zinamvuka, hana hamu ya kula kabisa. Tulimpima vipimo vingi na kimojawapo FSH ikaja 6. Aliyesoma majibu akatuambia "homoni za mama ni kama za binti, ni jambo zuri". Nimesoma uzi huu nimeanza kuogopa. Mbona mnasema inatakiwa iwe juu?

Kijana_Maabara

Dada pole. Kwa mwanamke wa miaka 71 FSH kwa kawaida inakuwa makumi, baada ya menopozi tunategemea iwe zaidi ya 25 na mara nyingi iko juu zaidi ya hapo. Uzeeni sana inashuka kidogo kidogo lakini sio mpaka 6. Mama anatumia dawa yoyote yenye estrojeni?

Nuru_ya_Nyumbani

Hapana. Anatumia ya presha tu.

BiSayansi

Nuru mwanangu pole sana. Nisikilize kwa utulivu.

FSH ya 6 kwa binti ni sawa kwa sababu ovari zake zinasema tosha. Ovari za mama hazisemi kitu miaka 20 sasa, kwa hiyo sauti ya pituitari ilitakiwa iwe juu. Ikiwa chini, maana yake ubongo au pituitari yenyewe ndo imenyamaza. Sababu zipo za aina mbili kubwa. Moja ni tatizo kwenye pituitari. Nyingine ni ugonjwa mzito au njaa ya muda mrefu, imejulikana miaka mingi kwamba wanawake waliokoma hedhi wakiugua sana au wakikonda sana LH na FSH zao zinaanguka, ndo ule mlango nilioueleza mwanzo, mwili ukiona ghala linaisha unafunga hata kwa mtu wa miaka 71 ambaye hana cha kuzaa.

Na usishangae hana hamu ya kula. Kwenye kukonda kwa magonjwa ghrelini mara nyingi iko juu, mfuko wa chakula unapiga kelele lakini kinga ya mwili iliyochachamaa na ugonjwa vinaziba masikio ya ubongo. Ndo maana Japani 2021 walikubali dawa inaitwa anamorelini, inafanya kazi ya ghrelini kwa wagonjwa wa kansa waliokonda. Sisemi mama ana kansa, sisemi kabisa, naeleza tu kwamba mtu anaweza kuwa na homoni ya njaa tele na asiwe na njaa. Kwa hiyo msimgombeze kwamba hataki kula.

Rudini hospitali, ikiwezekana kwa daktari wa homoni. Mwambieni maneno haya mawili: amepungua uzito bila kutaka, na FSH ni 6 akiwa na miaka 71 bila dawa ya estrojeni. Ombeni waangalie pituitari yote, ikiwemo kotisoli (homoni ya tezi za juu ya figo) na tezi ya shingo, maana kotisoli ikiwa chini yenyewe inaua hamu ya kula na ni hatari. Akianza kuzimia, kutapika sana, au kichwa kuuma na macho kupungua nuru, usisubiri miadi.

Mkulima_wa_Fikra

Mungu amsaidie mama. Na mi nimejifunza, nilikuwa nadhani namba ikiwa ndogo ndo vizuri.

Ua_la_Jioni

Pole Nuru. Tupe mrejesho.

Dada BiSayansi kabla hujaondoka, kuna vidonge wanauza eti vinazima ghrelini, vinaleta "uwiano wa homoni baada ya menopozi". Ninunue?

BiSayansi

Usinunue. Watafiti wamehangaika na kuizuia ghrelini tangu ilipogunduliwa, na hamna kidonge cha kupunguza uzito kwa njia hiyo kilichopita vipimo na kuidhinishwa. Kinachoishusha ni kula, na protini inaishusha vizuri, halafu kulala. Hela hiyo kampimie presha na sukari. Na kama mafukuto ndo yanakukosesha usingizi basi tibu mafukuto, matibabu ya kweli yapo, estrojeni kwa anayeruhusiwa au hizo dawa mpya kwa asiyeruhusiwa, uamuzi ukae na daktari anayejua historia yako. Usikubali kuambiwa zimeisha.

Mama_wa_Pacha

Mrejesho. Nimeenda, wamenifanyia altrasaundi, ukuta wa mji wa mimba ni mwembamba, wamesema ni kukauka, wamenipa dawa ya kupaka na nirudi baada ya miezi mitatu. Usiku huu nalala. Asante dada, kweli asante.

BiSayansi

Alhamdulillah. Umenifurahisha mno. Tarehe ya kurudi iandike ukutani.

Nuru_ya_Nyumbani

Samahani nimechelewa kujibu. Tulimrudisha mama. Huyu daktari mwingine aliangalia ile 6 akakunja uso, akauliza "nani alisema hii ni nzuri?" Wamechukua damu upya asubuhi, kotisoli imekuja chini, wamemlaza na wameanza kumpa dawa siku hiyohiyo, picha ya kichwa itafanyika Alhamisi. Bado hatujui ni nini. Ila leo siku ya tatu ya dawa, jioni ameuliza mwenyewe chakula kiko wapi.

Kijana_Maabara

Dada Nuru nimesoma hapa kazini nimewaonyesha na wenzangu. Majibu ya Alhamisi yakitoka tuwekee hapahapa.